Mashine Iliyosema Sawa

Agosti 3

Mashine mpya imefika. Ya zamani imetolewa kwa mlango wa nyuma, imefungwa kamba kama godoro la mtu anayehama. Mgao wa maji umeanza leo hiihii, jambo ambalo mtu mwenye busara asingelipanga siku moja na kubadilisha mashine, lakini Mkurugenzi amelipanga.

Kimo cha bwawa ni sentimita 212 juu ya mdomo wa bomba kuu. Kila kiangazi kimo kikishuka chini ya 220 tunaacha kuwapa watu maji saa zote na kuanza kugawa kwa kanda. Kanda ziko sita. Anayegawa si mtu bali ni programu iitwayo mgao, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya C na kijana wa nje ya ofisi tunayemwita Mstari-Mmoja, kwa sababu tatizo lolote ukimpelekea anasema dawa yake ni mstari mmoja tu. Mzee wa zamu huandika kwenye skrini nyeusi jina la programu, kimo cha bwawa na machaguo. Chaguo ni herufi yenye deshi mbele yake. -j ni jaribio: piga hesabu tu, usifungue vali yoyote. -l 4 ni linda kanda ya nne: ipewe maji kila asubuhi kabla ya wengine. Programu hupiga hesabu, hufungua vali na kuzifunga, kisha huandika neno moja: Sawa.

Kanda ya nne iko mlimani. Bila kulindwa hesabu huiweka mwisho, na ukifika mwisho mara nyingi hakuna kilichobaki. Hulindwa kwa ajili ya zahanati yenye chumba pekee cha kujifungulia upande ule wa mto. Mkunga mkuu pale ni dada yangu.

Mimi ni msemaji wa mamlaka ya maji. Nilikuwa ripota mpaka gazeti lilipofungwa. Leo nimetangaza redioni kwamba kanda ya nne italindwa kama kila mwaka.

Agosti 4

Joto. Hakuna simu hata moja. Kwa msemaji hiyo ni siku njema.

Agosti 8

Dada alinipigia nikiwa bado nimeshika mswaki.

"Msemaji."

Akiniita kwa cheo najua amekasirika. Nikamwamkia.

"Marahaba. Yale maji uliyoyalinda redioni, umeyalindia wapi? Maana hapa hayajafika."

"Hayajafika tangu lini, Dada?"

"Tangu ulipotangaza. Kabla hujatangaza yalikuwa yanatoka vizuri tu."

Mkaguzi wa afya alipita jana. Akafungua bomba la chumba cha kujifungulia, likakohoa, basi. Ameacha onyo: akirudi akikuta bomba kavu, chumba kinafungwa mpaka mvua. Wajawazito wa upande ule watavuka daraja hadi hospitali kubwa, na foleni ya daraja anaijua kila mtu.

Nilimwambia ni tatizo la siku mbili tatu. Nilidhani anakuza mambo. Dada hukuza mambo, ndivyo alivyonilea.

Agosti 10

Nimeshuka chumba cha mitambo kujionea. Mzee wa zamu anaandika kwa kidole kimoja, na kila herufi anaiaga kabla ya kwenda kwa nyingine. Msoma kimo akapiga simu kutoka bwawani, mzee akaandika namba akiwa bado ameshika simu kwa bega, akaaga, akaongeza yaliyobaki. Nimesoma mwenyewe kwenye skrini:

mgao 209 -l 4

Ikajibu Sawa.

"Unaona," mzee akasema. "Kimo kwanza, kisha shida zako. Kama unavyomsalimia mtu kabla ya kumkopa."

Nikaona ina mantiki. Hata habari huanza na jambo kuu.

Taa ya vali ya nne haikuwaka. Mzee akasema taa hiyo imeungua. Nimeandika: taa, kuuliza.

Agosti 11

Taa haijaungua.

Agosti 13

Fundi mkuu wa mabomba anasema kuna kizuizi njiani kuelekea mlimani. Ameanza kuchimba barabara ya soko. Hana ushahidi wa kizuizi, ila ana vijana na sururu, na Mkurugenzi anapenda kuona watu wakichimba. Nimemuuliza fundi kwa nini asifungue vali kwa mkono. Amejaribu, anasema, mashine huifunga tena kwenye hesabu inayofuata.

Agosti 17

Nimempigia Mstari-Mmoja. Ni mtu mpole, huongea kama anayemtuliza farasi. Nimemsomea amri neno kwa neno. Akaiandika kwenye laptopu yake nikimsikia.

"Kwangu inafanya kazi, dada."

"Kwako hakuna bwawa."

"Hesabu inatoka sahihi. Kanda ya nne ipo ya kwanza, imelindwa. Angalieni mabomba."

"Fundi anaangalia mabomba. Anasema tuangalie programu."

Akacheka. Nilimpenda kwa kucheka. Hata sasa ninapoandika, nikiwa nimeshiba, bado nampenda.

Agosti 21

Amekuja mwenyewe. Akaketi kwenye kiti cha mzee, vidole vikapita kwenye vibonye kama mvua ya dakika moja, na taa ya vali ya nne ikawaka. Robo saa baadaye Dada akatuma ujumbe: Yanatoka.

Mstari-Mmoja hakuwa amebadilisha kitu. "Sijagusa programu," akasema. "Nimeiendesha tu." Mkurugenzi akampa mkono. Mzee wa zamu akanuna kwa sababu kiti chake kimeshushwa na hakijui kupanda tena.

Agosti 22

Kavu.

Agosti 23

Kavu. Mzee anaapa anaandika kile kile. Nimesimama nyuma yake. Kimo, -l, 4. Yote yapo, hakuna lililokosewa. Sawa.

Agosti 29

Mstari-Mmoja amerudi. Maji yametoka. Ameondoka. Maji yamekwenda naye.

Chumba cha mitambo kimeshatoa hukumu: mashine inamwogopa. Nimeishi na wanasiasa na sikuwahi kusikia maelezo mepesi kama hayo yakipokelewa na watu wazima. Alipokuwa anaondoka mzee alimshika mkono.

"Mwanangu, hilo koti lako liache hapa kitini."

"La nini, mzee?"

"Iendelee kudhani upo."

Ameliacha. Nafikiri alidhani ni utani. Koti limetandazwa kwenye kiti, mikono imewekwa juu ya meza kabisa.

Agosti 30

Kavu. Koti halijasaidia.

Septemba 3

Dada na wenzake wanabeba ndoo kutoka kisima cha shule. Wanawake wanaojifungua wanaletewa maji ya kuogea kwa zamu. Ameniuliza kama nimewahi kumwosha mtoto mchanga kwa kikombe. Halikuwa swali.

Tangazo la leo redioni: "Jitihada zinaendelea." Niliandika sentensi hiyo kwa mkono wangu. Zamani ningemcheka aliyeiandika.

Septemba 5

Mstari-Mmoja kwa simu: "Ni kitu kidogo, dada. Nikikiona, ni mstari mmoja tu."

Nimemwambia akione basi.

Septemba 8

Leo nina mengi.

Mkurugenzi aliamua lifanyike jaribio. Wazo lake ni hili: mashine ipige hesabu bila kufungua vali, tuchapishe hesabu, tuone kanda ya nne imepangiwa nini. Si wazo baya. Mzee wa zamu akaandika mbele yetu sote:

mgao 171 -l 4 -j

-j, jaribio, usifungue chochote. Mkurugenzi mwenyewe aliinama akaisoma kwa sauti. Mzee akabonyeza. Sawa.

Muda huohuo fundi mkuu wa mabomba alikuwa kwenye shimo lake barabara ya soko, na bomba la kanda ya kwanza limefunguliwa mbele yake, kwa sababu alipigiwa simu na kuambiwa ni jaribio tu. Vali ya kanda ya kwanza ilifunguka mpaka mwisho. Nimeambiwa na muuza vitunguu kwamba fundi alitoka shimoni bila kupanda ngazi.

Alikuja ofisini akiwa hivyohivyo, akasimama kwenye zulia la Mkurugenzi.

"Mliniambia ni jaribio."

"Ilikuwa jaribio," Mkurugenzi akasema. "Skrini ilisema jaribio."

"Basi iiteni hiyo skrini ije inivue viatu."

Maji tuliyoyamwaga barabarani yangetosha kanda ya nne nzima. Sijaandika hivyo kwenye tangazo. Nimeandika "hitilafu ya presha".

Septemba 9

Kikao. Nilisema hivi: mwezi mzima -l haisikilizwi, na jana -j nayo haikusikilizwa. Machaguo mawili tofauti, na yote mawili yalikuwa pale kwenye skrini tukiyasoma. Huenda tatizo ni moja nalo si bomba.

Mkurugenzi akavua miwani. "Msemaji kazi yake kusema. Kuchunguza tuwaachie mafundi."

Fundi alikuwa na mafua. Mstari-Mmoja, kwa simu iliyowekwa mezani, akasema kwake inafanya kazi.

Nilikuwa nikimwona Mstari-Mmoja kuwa mtu mtulivu. Nimeanza kuona kwamba ni rahisi kutulia ukiwa na bomba linalotoka.

Septemba 14

Mkaguzi amerudi. Hakupiga kelele, alifanya kazi yake: akafungua bomba, akasubiri, akalifunga. Chumba cha kujifungulia kimewekwa kufuli. Dada ameniambia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuniita Msemaji wala mdogo wangu. Hajaniita chochote.

Septemba 15

Kavu. Sawa.

Septemba 16

Kavu. Sawa. Nimeota neno hilo.

Septemba 23

Naandika kama nilivyoelezwa na Dada, nami nimehakikisha kwa dereva.

Mama mmoja wa kanda ya nne, mimba ya tatu, alishikwa na uchungu alfajiri. Zahanati iko hatua chache kutoka kwake lakini ina kufuli. Jirani yake muuza mboga akampakia kwenye pikapu pamoja na kabichi ambazo hakuwa na muda wa kuzishusha. Dada akapanda nyuma. Kwenye daraja foleni ilikuwa imesimama kwa sababu lori la mchanga lilikuwa limekatika ekseli. Mtoto akazaliwa pale, juu ya magunia, kati ya lori la mchanga na basi la wafanyakazi. Abiria wa basi waligeuza nyuso upande wa pili bila kuambiwa. Dada anasema hilo hatalisahau.

Mtoto mzima, wa kike. Mama alipoteza damu nyingi. Amelazwa hospitali kubwa, na jioni walisema atapona. Walisema hivyo baada ya saa ambazo hakuna aliyetaka kusema lolote.

Dada alipitia kwangu kuoga. Nilikaa nje ya mlango wa bafu.

"Mdogo wangu," akasema maji yakiwa yanamwagika, "mimi sijui mashine. Lakini mtu akiniambia sawa na si sawa, mara moja namsamehe. Mwezi mzima, huyo hasikilizi."

Niliona tangu Agosti kwamba anakuza mambo. Alikuwa anayapima, na kipimo chake kilikuwa sahihi kuliko cha bwawa.

Septemba 24

Nimempigia Mstari-Mmoja asubuhi. Nimemwambia kilichotokea darajani, kwa sentensi tatu. Hakusema mstari mmoja. Alisema anakuja.

Nikawaambia yeye na mzee wa zamu wakae mbele ya mashine, na mimi nikakaa katikati yao na karatasi. Sikuwa na ujuzi wowote wa ziada. Nilifanya ninachofanya watu wawili wanaposimulia ajali moja na hadithi hazilingani: kila mmoja aseme yake, nami naandika maneno yenyewe.

"Mzee, tafadhali andika kama kila siku. Usibonyeze."

Akaandika, kidole kimoja: mgao 163 -l 4. Nikanakili.

"Futa. Sasa wewe. Polepole, nione."

Mstari-Mmoja akaandika: mgao -l 4 163. Nikanakili chini yake.

Mara zote alizokuja nilikuwa nikitazama taa za vali. Sikuwahi kutazama vidole vyake.

"Maneno ni yaleyale," mzee akasema, amevaa miwani. "Mmoja ametangulia kichwa, mwingine miguu."

Mstari-Mmoja alichukua karatasi yangu. Halafu akauliza, kwa upole uliokuwa na kitu kingine ndani yake, "Mzee, umeanza lini kuweka kimo mbele?"

"Tangu siku ya kwanza. Sote tunaweka kimo mbele. Msoma kimo anapiga simu, unaandika anachosema. Utaweka nini mbele, tumbo lako?"

"Na mashine ya zamani ilikubali."

"Ile ilikuwa na adabu."

Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza msomaji wa gazeti. Alijitahidi. Programu ya C, anasema, hupokea ulichoandika kama maneno yaliyopangwa foleni, moja nyuma ya jingine, pamoja na idadi yake. Kuyapitia huachiwa kifaa kilicho tayari kwenye maktaba ya C, kinaitwa getopt. Kinatembea kwenye foleni. Kikikuta neno lenye deshi, hilo ni chaguo, kinalitoa. Kikikuta neno lisilo na deshi, kama 163, hapo kuna taratibu mbili. Getopt ya mashine ya zamani ililisukuma neno hilo nyuma ya foleni kimyakimya na kuendelea kutafuta machaguo. Getopt ya mashine mpya inasimama palepale. Kwake, neno la kwanza lisilo na deshi maana yake machaguo yamekwisha.

"Ipi imekosea?" nikauliza.

"Hakuna. Makubaliano yaliyoandikwa yanasema machaguo yatangulie. Ya zamani ilikuwa inawasaidia tu. Na laptopu yangu ni ya aina ya ile ya zamani, kwa hiyo ukinisomea amri kwa simu inakubali. Nikija hapa, naanza na machaguo. Sijui kuandika vingine."

"Na yale yaliyobaki nyuma ya kimo?"

"Programu inachukua neno la kwanza lililobaki, ndicho kimo. Mengine haiyaangalii."

"Haiyaangalii. Halafu inasema Sawa."

"Ndiyo."

"Nani aliyeiandika iseme Sawa?"

Akatazama koti lake, ambalo bado lilikuwa limetandazwa kitini. "Mimi, dada."

Mzee wa zamu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Kwa hiyo kiangazi chote nimekuwa nikiongea na mtu aliyekwishaondoka."

Tukafanya jaribio, safari hii -j ikiwa mbele. Ikapiga hesabu, haikufungua kitu. Kisha amri yenyewe, machaguo mbele, kimo mwisho. Taa ya nne ikawaka na vidole vilikuwa vya mzee.

Ujumbe wa Dada: Yanatoka. Yana rangi ya chai.

Kwa mazoea ya kazi nilitafuta wa kulaumu ili niandike jina lake. Mzee aliandika kama alivyozoeshwa. Mashine ilifuata makubaliano. Kijana aliandika programu isiyoitazama mikia, na miaka yote hapakuwa na mkia. Sina jina. Nina neno moja tu, Sawa, lililotolewa bila kusikiliza, na nikiwa mkweli redioni nimelitoa mimi pia.

Septemba 25

Mstari-Mmoja anataka kubadilisha programu: baada ya kuchukua kimo, ikikuta neno lolote limebaki kwenye foleni, ikatae na isiguse vali.

"Mstari mmoja?" nikamuuliza.

"Minne," akasema. Akafikiri. "Na kitu."

Inahitaji saini ya Mkurugenzi.

Septemba 26

Mkurugenzi hatasaini. Mfumo unafanya kazi, anasema, tatizo lilikuwa mpangilio wa maneno, na yeye ametoa waraka: watumishi wote wanaagizwa kuweka kimo mwisho. Waraka una muhuri. Nimesoma nyaraka nyingi maishani na sijawahi kuona hata moja iliyobandua kidole kwenye kibonye.

Oktoba 4

Mkaguzi amekuja, akafungua bomba, akasubiri, maji yakatoka. Ameondoa kufuli. Dada amefua mapazia ya chumba kwa maji ya bomba, kwa makusudi kabisa, mbele yake.

Oktoba 5

Mzee wa zamu ameniambia kimo mwisho kinamkaa vibaya, kama kumuaga mtu ukiwa ndiyo kwanza unaingia. Lakini anakiweka.

Oktoba 11

Mzee ana ruhusa ya siku mbili kwenda kwenye harusi ya mpwa wake. Waraka ulibandikwa ukutani juu ya skrini. Joto limekausha gundi, umeanguka nyuma ya meza. Aliyeshika zamu ni mwanamke makini, amefanya kazi hapa miaka, na ameandika kama alivyoandika miaka yote. Kimo kwanza.

Sawa.

Dada alinipigia mara moja. Alikuwa na wanawake wawili chumbani.

"Kavu," akasema.

Nilishuka ngazi kwa viatu nilivyovaa, ambavyo si vya kushukia ngazi. Tukaandika upya. Maji yamefika kabla ya mtoto wa kwanza, lakini kwa dakika chache tu.

Mshika zamu alinigeukia. "Iliniambia sawa," akasema. "Mama, si iliniambia sawa?"

Nikamwambia ndiyo, ilikuambia.

Mkurugenzi ameagiza waraka ubandikwe tena, kwa gundi bora.

Oktoba 19

Mvua. Ilianza mchana, ikaendelea. Paa la ofisi linavuja kwenye meza ya uhasibu peke yake.

Oktoba 22

Bwawa limepita 220 na bado linapanda. Mgao umesitishwa. Nimetangaza redioni, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti sikulazimika kutafuta maneno.

Mkurugenzi kanipitia kwenye korido: "Lile jambo la programu tulifunge. Mwakani tutaona."

Mwakani. Mwakani mzee atakuwa amestaafu, na mtu mpya atasikia namba kwenye simu na kuandika anachosikia. Mimi ningeandika hivyohivyo.

Oktoba 23

Nimeandika tangazo na kumpelekea Mkurugenzi alipitie. Lina aya tatu. Linaeleza kwamba mama mmoja alijifungua darajani kwa sababu programu haikutazama maneno yaliyobaki. Kwamba sababu ilijulikana kesho yake. Na kwamba marekebisho yanayotakiwa ni madogo na hayakufanywa.

"Hili la nini?" akauliza. "Mgao umekwisha."

"La mwakani, bosi. Likitokea tena nitatakiwa kulisoma siku hiyohiyo. Napenda kuandaa mapema."

Akalisoma tena. Aliuliza kama nimelipa mtu nakala. Nilisema bado sijaona haja.

Amesaini ruhusa. Kalamu yake ilikuwa imekauka, nikampa yangu.

Oktoba 26

Mvua ya kukata na shoka. Sikumtarajia Mstari-Mmoja, na ningemwelewa. Alifika amelowa mpaka mifukoni, kompyuta ameifunga ndani ya nailoni tatu. Mzee wa zamu akamvisha lile koti, lililokuwa kavu kwa kukaa kitini msimu mzima.

"Mistari mingapi?" nikamuuliza.

"Zaidi ya arobaini." Hakutabasamu. "Nilipoanza kuuliza nini kingine haisikii, nikakuta mengi. Mtu akisahau namba ya kanda baada ya -l. Akiandika kimo mara mbili. Akiandika kanda ya tisa. Yote hayo ilikuwa inasema Sawa."

Ameliondoa neno hilo. Sasa programu ikipokea amri inarudia kwanza ilichosikia, kwa maneno: kimo ni hiki, kanda inayolindwa ni hii, hili si jaribio. Kisha ndiyo inafungua vali. Nilikuwa nimemweka Mstari-Mmoja kwenye kundi la watu wanaocheka kwenye simu. Namtoa humo leo.

Mzee akataka awe wa kwanza kuijaribu, na kwa ukaidi aliouhifadhi tangu Septemba akaandika kimo mbele.

mgao 241 -l 4

Ikajibu: Kuna maneno yamebaki baada ya kimo: -l 4. Sijafungua chochote. Andika machaguo kwanza.

Mzee akaisoma mara mbili, midomo ikitembea. "Ina kiburi," akasema. "Lakini angalau ipo."

Nikamwomba kiti. Nikaandika mwenyewe, kimo mbele, kama ningeandika siku yoyote nikiwa na simu begani na watu wakiniita. Ikanikatalia vilevile.

Nilimpigia Dada palepale. Nyuma ya sauti yake nilisikia bomba likitiririka ndani ya ndoo.

"Imesemaje?"

"Imekataa, Dada."

"Afadhali," akasema, na akakata simu. Alikuwa na mtu chumbani.